Wasomaji Wauliza Kemia: Mbona Saa ya Mombasa Yakimbia?

Barua za mara hii zimetoka kisiwani na ng'ambo zake. Nyingi zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mbona mmenyuko huu (yaani vitu kugeuka kuwa vitu vipya) una pupa na ule una mwendo wa kobe? Zilizobaki ni za atomi na jedwali la elementi. Kila barua tumeipa urefu unaoistahili, kwa hiyo usishangae jibu moja likijaza safu na jingine likiisha kwa mistari michache.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu, Kisauni. Tulifanya jaribio la sodiamu thayosalfeti na asidi ya haidrokloriki, lile la kutazama msalaba uliochorwa kwenye karatasi chini ya bika mpaka upotee. Nilipata sekunde 24. Binamu yangu anayesoma Limuru alitumia vipimo vilevile akapata 47. Wenzangu wanasema nimeharibu. Nani kakosea?

Marahaba mwanangu. Hakuna aliyekosea. Limuru ni mlimani. Maabara yao asubuhi huenda ikawa na nyuzi 20 za Selsiasi, na yenu, hata mkifungua madirisha yote, ina 30. Katika jaribio hili, halijoto ikipanda nyuzi 10 kasi hukaribia kuwa maradufu, na muda hukatika nusu. Gawa 47 kwa mbili uone unapata ngapi. Kosa lenu, kama mmelifanya, ni kutoandika halijoto juu ya jedwali la matokeo. Sekunde 24 pasipo halijoto hazimwambii msomaji kitu.

Sasa sababu, maana hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotezea alama. Ukiwauliza kwa nini joto huongeza kasi, watakujibu kuwa chembe zinakwenda mbio zaidi, basi zinagongana mara nyingi zaidi. Tupige hesabu tuone. Nyuzi 30 za Selsiasi ni 303 za Kelvin, na 40 ni 313. Mwendo wa chembe hufuata kipeuo cha pili cha halijoto ya Kelvin, kwa hivyo idadi ya migongano huongezeka kwa asilimia 1.6 hivi. Nyongeza ndogo namna hiyo haiwezi kukata muda nusu.

Kazi hasa inafanywa na kizingiti cha nishati. Chembe mbili zikigongana kwa ulegevu huachana kama zilivyokuja. Ili viungo vya zamani vivunjike na vipya vifungike, mgongano uwe na nishati isiyopungua kiasi fulani. Chukua mmenyuko wenye kizingiti cha kilojuli 53 kwa moli. Kwenye nyuzi 30, ni mgongano mmoja tu katika kila bilioni 1.4 hivi unaokivuka. Kwenye nyuzi 40, ni mmoja katika kila milioni 700. Migongano yenyewe imeongezeka kidogo sana, lakini ile yenye nguvu ya kutosha imekuwa mara mbili. Andika hivyo kwenye karatasi ya mtihani: migongano *inayovuka kizingiti* ndiyo inayoongezeka sana.

Maadamu umeuliza, hii hapa namna ya kulifanya jaribio lisikuangushe. Tayarisha thayosalfeti ya mola 0.15 na asidi ya mola 2. Safari ya kwanza tia sentimita za ujazo 50 za thayosalfeti bila maji. Ya pili 40 na maji 10. Kisha 30 na 20. 20 na 30. 10 na 40. Kila safari ongeza asidi 5, anza saa hapohapo, tikisa bika mara moja, uliweke juu ya msalaba. Angalia kwamba jumla ni 55 kila mara. Atakayesahau kuongeza maji atabadilisha mambo mawili kwa pamoja, ukolezi na kina cha maji ambayo jicho linapenya, na matokeo yake hayatafaa kulinganishwa.

Kinachoficha msalaba ni salfa, unga mwembamba wa rangi ya maziwa yaliyokolea umanjano. Ukitazama kwa karibu hauji ghafla: kwanza maji yanakuwa na ukungu wa buluu kwa mbali, kisha weupe, kisha kingo za msalaba zinafifia kabla ya katikati yake. Kwa hiyo kubalianeni mapema nini maana ya "kupotea", na jicho liwe la mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tumieni karatasi moja na msalaba mmoja. Bika lisuuzwe mara tu baada ya kusoma saa, kwani salfa ikishika kioo, safari inayofuata itaanza na ukungu tayari.

Kuna njia ya haraka ya kujikagua hata kabla ya kuchora grafu. Zidisha ujazo wa thayosalfeti kwa sekunde. Ukianza na 50 kwa sekunde 24, jibu ni 1200. Basi tarajia 40 ichukue karibu sekunde 30, 30 ichukue 40, 20 ichukue 60, na 10 ichukue 120. Safari itakayokwenda mbali na 1200 irudiwe kabla hamjamwaga dawa. Grafu ni ya moja gawanya kwa muda dhidi ya ukolezi, na mstari wake uelekee kwenye sifuri.

Mkifika sehemu ya halijoto, pima mchanganyiko *baada* ya kutia asidi. Thayosalfeti uliyoipasha hadi 50 hupoa kidogo ikikutana na asidi ya chupani. Usipite 60, maana msalaba utapotea kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe cha saa. Na ukitaka namba za kulinganisha na binamu yako, tumbukiza chupa zote mbili kwenye karai la barafu mpaka zishuke hadi 20. Gesi inayotoka ni salfa dayoksaidi: mwenye pumu akae karibu na dirisha, na mabaki yamwagwe kwenye ndoo yenye myeyusho wa magadi ya kufulia.

Nauza mahamri Majengo. Msimu wa kaskazi unga wangu waumuka kwa saa moja, msimu wa kusi nangoja karibu mbili. Juzi nikataka kuharakisha, nikakandia tui la moto. Unga ukalala doro mpaka jioni. Mbona joto lisaidie halafu liharibu?

Mama, hamira ni kiumbe hai, na kazi yake ya kugeuza sukari kuwa hewa hufanywa na vimeng'enya, yaani protini zilizokunjwa kwa umbo maalumu. Umbo hilo ndilo ufunguo. Joto likipanda kutoka 25 hadi 35 au 38, vimeng'enya hufanya kazi kwa kasi zaidi kwa sababu ileile tuliyomweleza kijana wa Kisauni. Likizidi hapo, mikunjo huanza kulegea. Likifika 55 hadi 60 hamira inakufa, na ikishakufa hata ukiipoza haifufuki. Salfa ya maabara haina umbo la kupoteza, hamira inalo.

Tui lako lilikuwa limetoka jikoni, bila shaka likiwa juu ya 70. Lichemshe ukipenda, lakini lingoje. Dondosha tone ndani ya kifundo cha mkono kama mtu anayepima maziwa ya mtoto: likiwa vuguvugu tu, tia; likikufanya uondoe mkono, bado. Kabla ya kukanda, koroga hamira na kijiko kimoja cha sukari katika nusu kikombe cha maji vuguvugu, ungoje dakika 10. Isipotoa povu, usiupoteze unga wako. Halafu sukari: ukizidisha ili mahamri yakolee utamu, sukari inanyonya maji kutoka kwenye seli za hamira, na unga utachelewa hata siku ya joto kali.

Msimu wa kusi usipambane nao. Kanda usiku na hamira pungufu, theluthi moja ya ile ya kawaida, ufunike, uache juu ya meza mpaka alfajiri. Kasi ndogo kwa saa nyingi hufika palepale, na ladha huwa nzuri zaidi.

Nafundisha sayansi Changamwe. Kitabu kimoja kinasema kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko, hakishiriki ndani yake, kingine kinasema kinashiriki. Pia, tulitumia sentimita za ujazo 5 za haidrojeni peroksaidi ya "ujazo 20" tukitarajia oksijeni 100 kamili kwenye sirinji ya 100. Pistoni iliruka. Tulikosea wapi?

Mwalimu mwenzetu, tuanze na pistoni. "Ujazo 20" maana yake sentimita moja ya myeyusho hutoa sentimita 20 za oksijeni, lakini oksijeni iliyopimwa kwenye nyuzi 0. Changamwe si nyuzi 0. Kwenye nyuzi 30, gesi ileile hutanuka kwa uwiano wa 303 kwa 273, kwa hiyo 100 zenu zilikuwa 111, na mvuke wa maji ukaongeza tena kidogo. Tumieni sentimita 4, mziongezee maji hadi 50. Mtapata karibu 89 na pistoni itabaki mahali pake. Mkipata kidogo zaidi kuliko hapo, hata mkirudia, peroksaidi yenu imezeeka. Katika joto la pwani huvunjika polepole ndani ya chupa, hasa kifuniko kikiwa kimeguswa na vumbi au chuma. Kifuniko kisikazwe mpaka mwisho baada ya chupa kufunguliwa, na kabati liwe la giza.

Kuhusu kichocheo, kitabu cha pili ndicho cha kweli. Kisichoshiriki hakiwezi kubadilisha chochote. Manganizi dayoksaidi, ule unga mweusi unaoharakisha kuvunjika kwa peroksaidi, hupokea elektroni na kuzitoa kwa zamu juu ya uso wa punje zake, na mwisho wa kila mzunguko hurudi ilivyokuwa. Hutoa njia nyingine yenye kizingiti kifupi. Mwambie mwanafunzi aseme "kinashiriki kisha kinarudi", asiseme "hakishiriki".

Kuthibitisha kurudi kwake kunahitaji subira. Pima karatasi ya kuchujia ikiwa kavu, pima gramu 0.5 za unga, fanya mmenyuko, chuja, suuza bika kwa maji mara tatu ili punje zilizoshika kioo zifike kwenye karatasi, kausha kwenye oveni, poza, pima. Makosa mawili ndiyo yanayoharibu jaribio hili shule nyingi: karatasi haikupimwa peke yake mwanzoni, na imepimwa ikiwa na unyevu. La kwanza linafanya kichocheo kionekane kimekua kwa uzito wa karatasi. La pili kwa uzito wa maji. Ule unga mweusi wa ndani ya betri kuukuu usiutumie kwa kipimo hiki. Utatoa povu vizuri, lakini una kaboni na chumvi zinazoyeyuka, na uzito hautarudi kamwe.

Wakichora grafu mbili, moja kwa gramu 0.5 na nyingine kwa 0.1, zipande kwa mwinamo tofauti lakini ziishie kimo kimoja. Kichocheo hakiongezi oksijeni hata tone moja. Mwanafunzi anayeiona mistari hiyo miwili ikikutana juu haulizi tena kama kichocheo huongeza mavuno.

Mimi ni fundi, nakarabati nyumba za mawe Mji wa Kale. Plasta ya chokaa niliyopiga miezi miwili iliyopita bado inakwaruzika kwa ukucha, na sehemu nyingine imetoka vidonda kama vya tetekuwanga. Mwenye nyumba anataka nipige saruji juu. Nimwambie nini?

Fundi, mwambie asubiri, na saruji asiipige. Hili ni swali la kasi ya mmenyuko kuliko yote yaliyotufikia, kwa kuwa chokaa hupitia mimenyuko mitatu na kila mmoja una haraka yake.

Wa kwanza ni tanuuni. Jiwe la matumbawe kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Likifika karibu nyuzi 900 huachia kaboni dayoksaidi na kubaki kalsiamu oksaidi, chokaa kali. Kilo 100 za kaboneti safi hubaki 56. Kilo 44 zimepanda hewani. Joto huingia jiwe kutoka nje kwenda ndani, ndiyo sababu mawe hupasuliwa kwa ukubwa wa ngumi. Ukiacha bonge la ukubwa wa kichwa, ngozi itaungua kupita kiasi na moyo ubaki jiwe.

Wa pili ni kuzima. Chokaa kali na maji huwa kalsiamu haidroksaidi, kwa joto la kuchemsha maji yenyewe. Tia chokaa ndani ya maji, polepole, usimwage maji juu ya lundo la chokaa: litachemka na kurusha, na tone moja jichoni ni hatari kubwa. Miwani ivaliwe, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Kilo 56 za chokaa kali kwa hesabu zinahitaji maji kilo 18 tu, lakini kwa rojo la plasta unatia mara nyingi zaidi ya hapo ili lizame kabisa.

Vidonda vyako vimezaliwa hapa. Vile vipande vilivyoungua kupita kiasi vimekazana mno, maji yanavipenya kwa shida, basi havizimiki siku ile. Huja kuzimika ukutani, baada ya wiki au miezi, na vinapozimika huvimba na kutupa kikombe cha plasta nje. Chunguza kidonda kimoja kwa ncha ya kisu: katikati utakuta chembe nyeupe ngumu ukubwa wa punje ya mtama. Dawa yake ni kuchuja rojo kwa wavu mwembamba na kulilaza shimoni chini ya maji kwa wiki kadhaa, likikaa miezi bora zaidi. Vidonda vilivyokwisha kutoka vichimbe, uvizibe kwa rojo lililokomaa.

Wa tatu ndio unaokusumbua. Plasta ya chokaa hukauka siku chache, lakini kukauka si kukaza. Hukaza inapopokea kaboni dayoksaidi kutoka hewani na kurudi kuwa kaboneti, jiwe lilelile la mwanzo. Gesi hiyo ni asilimia 0.04 tu ya hewa, na ikishaigeuza ngozi ya nje yapaswa ipenye ngozi hiyo kufika ndani. Kina kinachokaza hufuata kipeuo cha pili cha muda: unene ukizidi maradufu, muda unazidi mara nne. Tabaka la milimita 20 lililopigwa kwa mkupuo mmoja halitamaliza hata kidogo kwa wakati wa matabaka mawili ya 10. Piga milimita 10 au pungufu, ungoje likaze, ndipo urudie. Kipimo cha rojo moja kwa mchanga tatu kinafaa, na mchanga uwe umeoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, usiwe wa ufukweni. Chumvi iliyobaki huyeyuka na kuganda tena ndani ya vitundu kila unyevu unapopanda na kushuka, na fuwele zake husukuma plasta.

Unyevu nao una kipimo. Ukuta mkavu kabisa haukazi, kwani gesi lazima iyeyuke kwenye maji kidogo kabla ya kukutana na chokaa. Ukuta uliolowa chepechepe pia haukazi, kwa kuwa vitundu vimejaa maji na gesi husafiri majini polepole mara maelfu kuliko hewani. Msimu wa kaskazi jua na upepo hunyonya plasta ndani ya siku moja. Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, uyarashie asubuhi na jioni kwa wiki mbili.

Na saruji? Inaziba pumzi. Kuta za matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa kupitia plasta. Ukiziba kwa saruji, unyevu na chumvi hujikusanya nyuma yake mpaka inabanduka vipande vizima, ikiondoka na uso wa jiwe. Kuta za Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni mawe ya matumbawe na chokaa. Mpeleke mwenye nyumba akazitazame.

Jiki niliyonunua kabla ya Ramadhani haitoi tena madoa, na chupa haijafika nusu. Niliiweka dirishani, Likoni. Nimeuziwa feki?

Huenda ilikuwa nzuri siku ile. Dawa iliyomo ni sodiamu haipokloraiti, na huvunjika yenyewe kuwa chumvi ya kawaida na kloreti, ambazo hazitoi doa. Kizingiti chake ni kirefu kuliko cha thayosalfeti, na mmenyuko wenye kizingiti kirefu ndio unaoathiriwa zaidi na joto: kila nyuzi 10 kasi huzidi mara tatu hadi nne. Juani ni mbaya tena, kwani mwanga nao huivunja. Nunua chupa ndogo, soma tarehe ya kutengenezwa, iweke kabatini chini, mahali pa giza, ndani ya chupa yake ya plastiki. Usiihamishie kwenye debe. Chuma na shaba huichochea itoe oksijeni.

Tafadhali usijaribu kuiongezea nguvu kwa ndimu, siki au dawa ya choo yenye asidi. Hutoa gesi ya klorini papo hapo, na bafu dogo lisilo na dirisha linatosha kumlaza mtu hospitalini. Vilevile usiichanganye na dawa yenye amonia. Ikikutokea, toka nje, acha mlango wazi, usirudi kumwaga kitu kingine juu yake.

Tabaka la tatu la elektroni linabeba 18, tumefundishwa. Mbona potasiamu huandikwa 2.8.8.1 badala ya 2.8.9? (Kidato cha pili, Tudor)

Swali zuri, na wengi hulimeza bila kutafuna. Fikiria kila tabaka ni ghorofa, na ndani ya ghorofa mna vyumba vya aina: s yenye nafasi 2, p yenye 6, d yenye 10. Ghorofa ya tatu ina vyote vitatu, jumla 18. Lakini elektroni haifuati namba ya ghorofa. Inatafuta mahali penye nishati ya chini kuliko kwingine. Elektroni ya chumba cha s hupenya mpaka karibu na kiini na kuhisi mvuto wake, ilhali ya d hukaa mbali, imekingwa na elektroni za ndani. Kwa potasiamu na kalsiamu, s ya ghorofa ya nne iko chini kuliko d ya ghorofa ya tatu. Ndiyo maana ni 2.8.8.1 na 2.8.8.2. Kuanzia skandiamu, elementi ya 21, d ya tatu huanza kujazwa: 2.8.9.2, hadi zinki yenye 2.8.18.2. Zile 18 ulizofundishwa zinatimia, ila kwa kuchelewa.

Ushahidi uko kwenye namba. Kung'oa elektroni ya kwanza ya potasiamu kunahitaji kilojuli 419 kwa moli. Ya pili, 3052, zaidi ya mara saba. Mruko huo baada ya moja tu waonyesha kwamba elektroni ya mwisho imekaa peke yake, nje ya zile nane. Sodiamu inahitaji 496 kwa ya kwanza, na ndiyo sababu potasiamu huwaka majini kwa ukali zaidi: elektroni yake iko mbali zaidi na imeshikwa kwa ulegevu zaidi.

Hesabu hiyohiyo ya vyumba ndiyo inayopanga urefu wa safu mlalo za jedwali la elementi: 2, 8, 8, 18, 18, 32, 32. Jumlisha, utapata 118, elementi zote zinazojulikana leo.

Atomi haina nusu ya protoni. Klorini imepataje uzito wa atomi wa 35.5?

Ni wastani. Katika kila atomi 100 za klorini, karibu 75 zina uzito wa 35 na 25 zina 37. Tofauti ni nyutroni mbili. Zidisha, jumlisha, gawa kwa 100: 35.5. Hakuna atomi hata moja yenye uzito huo.

Jedwali limepangwa kutoka nyepesi kwenda nzito. Basi kwa nini agoni (39.95) inatangulia potasiamu (39.10)?

Kwa sababu halikupangwa kwa uzito, ingawa lilianza hivyo. Dmitri Mendeleev mwaka 1869 alipanga kwa uzito wa atomi, lakini tabia za elementi zilipokataa alizifuata tabia: aliitanguliza teluriamu mbele ya ayodini ijapokuwa ni nzito zaidi. Agoni haikujulikana mpaka 1894. Ilipokuja ikaleta ubishi uleule, kwani kwa uzito ingeangukia safu wima ya sodiamu, na potasiamu, inayolipuka majini, ingekaa na gesi zisizomenyuka.

Aliyekata shauri ni Henry Moseley, mwaka 1913. Alipiga elementi kwa elektroni na kupima mionzi ya eksi iliyotoka. Kipeuo cha pili cha masafa ya mionzi hiyo kilipanda kwa hatua sawa kutoka elementi moja hadi inayofuata, kama ngazi. Hatua hizo zilihesabu chaji ya kiini, yaani protoni. Agoni 18, potasiamu 19. Teluriamu 52, ayodini 53. Moseley aliuawa vitani Gallipoli, Uturuki, mwaka 1915, akiwa na miaka 27.

Lakini kwa nini agoni ni nzito? Hapa pana jambo tunalolipenda sana. Karibu agoni yote ya hewani, zaidi ya asilimia 99, ni agoni-40, yenye protoni 18 na nyutroni 22. Potasiamu nyingi ni potasiamu-39, nyutroni 20. Na agoni-40 hiyo imetoka wapi? Ndani ya mawe ya dunia mna potasiamu-40 kidogo, ambayo nusu yake hubadilika kila miaka bilioni 1.25, na karibu moja katika kila atomi tisa zinazobadilika huwa agoni. Gesi hiyo imekuwa ikivuja kutoka mawe hadi hewani tangu dunia ilipoumbwa, na sasa ni karibu asilimia 1 ya kila pumzi unayovuta. Agoni iliipita potasiamu kwa uzito kwa sababu ni mtoto wake.